Koti la Fundi Godoro

Binti wa fundi godoro alienguliwa kwenye safari ya mlimani Jumatatu asubuhi, mbele ya wenzake wote, kwa sababu ya koti aliloshonewa na baba yake.

Mlima ule ni hifadhi. Hapandi mtu bila kibali wala bila mwongozaji, na waongozaji hufundishwa kwenye uwanja ulio nyuma ya ofisi ya hifadhi, penye banda la mabati na bomba moja linalovuja. Binti alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakijifunza kazi hiyo. Ya darasani walikwisha kuyamaliza. Ilibaki ziara moja: kupanda, kulala huko juu kwenye baridi, na kushuka kwa miguu yao wenyewe. Atakayeshuka vizuri anapewa kazi. Asiyepanda arudi nyumbani akatafute kingine, kwa sababu ofisi ilishasema mwaka unaokuja haichukui watu.

Mwalimu wao walimwita Saba, kwa kuwa vidole vya mikono alibaki navyo saba. Vilivyopungua aliviacha kwenye barafu akiwa kijana, na hakupenda kusimulia. Kukagua vifaa alikuwa na mtindo wake. Hatazami lebo wala haulizi umenunua wapi. Anachota ndoo ya maji, anakumwagia ukiwa umevaa, kisha anakuambia ukae nyuma ya banda, penye kivuli na upepo, umsubiri amalize chai yake.

Wenzake walikuwa wamekodi makoti kwenye stoo ya getini. Walijikung'uta kama bata na maji yakawatoka. Koti la binti liliyanywa maji yote. Lilikuwa koti zuri, la bluu, kola imesimama, mifuko ina bitana, na mishono yake imenyooka kuliko ya lolote pale uwanjani. Ndani lilikuwa limejazwa pamba iliyochambuliwa kwa mkono. Lilipolowa likawa zito hadi mabega ya mvaaji yakashuka. Kijana mmoja mwenye miwani akasema wenzake wamekuja na makoti, huyu kaja na kitanda, kilichobaki ni kutundika chandarua. Wakacheka. Binti naye alijitahidi kucheka, lakini meno yake yalikuwa yanagongana.

Saba alimaliza chai, akaja, akaikamua kola kidogo kwa vidole vyake na maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

“Kashona nani?”

“Baba.”

“Anakupenda huyo,” Saba akasema. “Lakini ukilala na hili huko juu likiwa hivi, asubuhi nitakuteremsha kwa machela. Livue.”

Akampa hadi Ijumaa alete koti jingine na begi la kulalia. Gari lingeondoka Jumamosi alfajiri, na kwenye stoo ya getini hapakuwa tena na koti wala begi la kulalia, maana kundi kubwa la wageni lilikuwa limebeba kila kitu mpaka wiki ya pili.

Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa kutosha mtu kulia na kukauka machozi. Binti alifika macho makavu, akalitundika koti nyuma ya jiko, akaingia chumba cha kati alikolala bibi yake, akaketi ameelekea ukutani.

*

Chumba cha mbele cha nyumba ile ndicho karakana. Pamba imeingia kila mahali: kwenye nywele, kwenye chai, kwenye masikio ya bibi. Ukuta wa nje fundi aliuandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, USINGIZI NI PAMBA, na herufi zilianza kubwa zikaishia ndogo kwa sababu ukuta ulimwishia. Mkewe ndiye anayeshona makava na foronya. Mume anapiga pamba kwa fimbo, anachambua, anajaza, anapitisha sindano ndefu; mke anafuata nyuma na cherehani. Wamefanya hivyo tangu binti hajazaliwa.

Habari ya safari ilipofika nyumbani, fundi hakutaka hata kusikia neno kukodi. Mtoto wa fundi godoro akodi joto? Watu wa mtaa wangemcheka mpaka basi. Alichagua pamba ya juu kabisa, iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya godoro la maharusi, akaichambua mara mbili zaidi ya kawaida, na usiku wa mwisho alilivaa koti mwenyewe akatembea nalo chumbani mpaka jasho likamtoka. Akasema na huo mlima uje sasa.

Jumatatu jioni mama mtu aliuona mgongo wa binti yake na akaelewa kabla ya kuambiwa. Kwanza alifurahi. Hakuwahi kuutaka ule mlima. Kila ulipotajwa aliona mtoto wake amelala kwenye majani yaliyolowa na hakuna anayemsikia. Halafu akaona jinsi binti alivyokuwa akikunjakunja ncha ya shuka la bibi yake, akajionea aibu kwa ile furaha.

Jumanne asubuhi fundi alikwenda nyuma kunawa uso, akalikuta koti linachuruzika. Alilishika pindo. Akauliza kwa sauti ni nani aliyelifua, na ni nani aliyemwambia huyo mtu kwamba pamba inafuliwa. Binti akasema lililowa bahati mbaya. Fundi akaanza kueleza namna ya kulianika lisivunde, lipigwe fimbo kidogo kila upande, ndipo mkewe akaweka chini kisu cha viazi.

“Halikulowa bahati mbaya,” akasema. “Limejaribiwa, Fundi. Limeshindwa.”

Akamweleza yote, na la kitanda na chandarua halikubaki. Binti alikuwa amesimama mlangoni na alitamani mama yake aliache lile. Shingo ya fundi ilivimba. Alikwenda karakana, akajaza mfuko pamba safi, nyeupe kama maziwa, akavaa shati la kutokea, akaelekea ofisi ya hifadhi kama mtu anayekwenda kudai shamba lake.

*

Saba alimsikiliza mpaka akamaliza. Fundi alisema kila alichonacho: kwamba hii si pamba ya dukani, ni pamba iliyopita mikononi mwake, kwamba watoto wachanga wa mtaa mzima wamelala juu ya kazi yake, kwamba yeye hakufundishwa joto na mtu. Vijana walikuwa pembeni wanafunga kamba, na mikono yao ilikuwa imesimama. Binti alikuwa miongoni mwao. Saba alikuwa amemruhusu aendelee kuja mpaka hiyo Ijumaa ifike.

Saba hakubishana. Aliingia bandani akatoka na glavu mbili zisizo pacha, moja ya kijivu na moja nyeusi, nene zote. Akazichovya kwenye ndoo, akazikamua, akampa.

“Vaa zote mbili. Kaa hapa. Tunywe chai.”

Walikaa nyuma ya banda. Upepo ulikuwa unatoka huko huko mlimani. Saba alizungumzia mvua ya juu, kwamba wala hainyeshi kama ya huku chini, inakuja tu ikakaa nawe, inaingia hata kwenye kiberiti. Fundi aliitikia bila kusikia. Mikono yake ni mikono inayojua. Ukimfumba macho ukampa pamba, atakuambia ya mwaka huu na ya mwaka jana. Sasa mikono hiyo hiyo ilikuwa inamwambia jambo na yeye hakutaka kuulizwa. Ule wa kushoto ulianza kupata joto. Wa kulia ulikuwa unauma hadi kwenye kifundo.

“Vipi?” Saba akauliza.

“Sawa tu. Zote sawa.”

“Basi kaa nazo.”

Akakaa nazo. Kijana mwenye miwani alinong'ona kitu na mwenzake akaziba mdomo. Chai ilipoa. Mwishowe fundi aliivua ya kulia, akauweka mkono kwapani, akautazama ukuta wa mabati kwa muda.

“Hii ya kulia ni pamba,” akasema, na haikuwa swali.

“Pamba.”

“Na hii?”

Saba aliipindua ile nyeusi, akaonyesha mahali mshono ulipofumuka. Ndani mlitoka unyoya mweupe unaong'aa, mwepesi, usio na harufu ya kitu chochote. Fundi aliujua. Wanauita faiba. Yeye mwenyewe huuita takataka ya kiwandani, na alikwisha kuwaambia hivyo wateja wasiohesabika.

“Mimi nilipanda na sweta la pamba,” Saba akasema akiitazama mikono yake.

Fundi aliusahau mfuko wake wa pamba pale pale kwenye benchi. Binti ndiye aliyeurudisha nyumbani.

*

Faiba kwa wingi wa kujaza koti na begi la kulalia ilipatikana mahali pamoja tu, na mahali hapo ni ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la magodoro ya sponji la mdogo wake fundi, baba mmoja mama mmoja. Yanapangwa nje kila asubuhi yakiwa yamevishwa nailoni, na mito ya faiba imerundikwa juu yake kama maboga. Siku moja mteja alikuwa amesimama katikati ya barabara hajui aende upande upi, na mdogo mtu akamwambia, kaka yake akisikia, kwamba pamba inafuga kunguni. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Wakikutana sokoni kila mmoja anapata ghafla hamu ya kuangalia nyanya. Mdogo mtu huja kumwona mama yao kwa mlango wa nyuma, saa ambazo kaka yake hayupo, na kaka mtu, ambaye anajua, hukohoa sana akiwa bado mbali ili mgeni apate nafasi ya kutoka.

Bibi hatembei tangu alipovunjika nyonga. Amelala chumba cha kati juu ya godoro la pamba ambalo mwanawe mkubwa hulifumua na kulichambua upya kila mara. Vidonda vya kulala vimemshika kiunoni na kwenye kisigino na havisikii dawa. Mwaka uliopita mdogo mtu alimletea godoro la sponji kwenye mkokoteni. Kaka yake alilirudisha kutoka mlangoni, na mtaa ulitazama.

Kwa hiyo Jumanne jioni, mkewe aliposema taratibu kwamba faiba iko kwa shemeji, fundi alijifanya anatafuta sindano. Akasema ataangalia mji wa pili. Mkewe akamuuliza ataenda lini na kurudi lini, na atashona kwa mkono upi. Akasema basi ataenda kumwomba Saba siku zaidi. Mkewe akamuuliza kama gari la Jumamosi ni la shangazi yake.

Sauti ikatoka chumba cha kati.

“Nawasikia. Miguu ndiyo imekufa, masikio bado mazima.” Bibi alipumua kidogo. “Nenda kwa mdogo wako. Au mwambie mtoto asiende. Chagua moja nipate kulala.”

Binti alikuwa amekaa naye humo ndani. Hakusema asaidiwe, hakusema aachwe. Fundi alisimama katikati ya karakana na sindano aliyokuwa akiitafuta imechomekwa kwenye kola ya shati lake muda wote.

*

Alivuka barabara Jumatano, duka lilipofunguliwa tu, akitumaini hapatakuwa na watu. Palikuwa na mteja, mama mmoja mnene anayejaribu magodoro kwa kuyakalia moja moja. Mdogo mtu alimwona kaka yake akasita na futi ya kupimia mkononi. Akamwambia karibu. Kiti hakikuwepo, akamwonyesha godoro. Fundi alikaa kwenye sponji la mdogo wake, likamzamisha, magoti yakamfika karibu na kidevu, na yule mama akamuuliza kama na yeye ananunua maana mama mwenyewe alikuwa akilitaka hilo hilo.

“Mimi ni fundi wa pamba, mama,” akasema.

“Wa pale ng'ambo?” Mama alimtazama, akalitazama na godoro. “Ah. Basi acha nilichukue, kama hata wewe umelikalia.”

Mdogo mtu alijikausha asicheke, akamfungia mteja mzigo wake. Walipobaki wawili, fundi alieleza shida yake akiwa anatazama mlango. Hakuzunguka. Alisema koti limekataliwa, Saba kasema hivi, mtoto anapanda Jumamosi, anahitaji faiba na nailoni ya kuvalisha juu, naye atalipa kidogo kidogo.

“Sitaki hela yako, kaka.”

“Sikuja kuombaomba.”

“Najua hukuja kuombaomba. Ungeomba tungekwisha kuelewana siku nyingi.” Mdogo mtu aliichezea ile futi. “Huyo ni mwanangu pia. Ananiita baba mdogo, ananisalimia hata ukiwa umesimama hapo kwako unanitazama kama nimeiba. Chukua faiba. Chukua mito yote hii ukipenda. Ila na mimi nina langu.”

“Sema.”

“Mama alale kwenye godoro langu.”

Fundi alitaka kusimama, lakini sponji haikumwachia haraka. Ilibidi aegemeze mkono, na kwa muda alikuwa nusu amekaa nusu ameinuka.

“Ana vidonda,” mdogo wake akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. “Nimeviona. Naingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi, namgeuza mama yangu, naviona. Siku ile umelirudisha godoro watu wanatazama, nikasema sawa, ni baba wa nyumba yake. Leo nasema sivyo. Lipite mlango wa mbele, mchana. Nami nilibebe mwenyewe.”

Nje mtu alikuwa anauliza bei ya mto na hakuna aliyemjibu.

“La kunguni,” fundi akasema.

“Nini?”

“Lile neno la kunguni. Ulisema mbele ya mteja.”

Mdogo mtu alikuna shavu. “Nilikuwa sijauza kitu wiki nzima,” akasema. “Nisamehe.”

Lilikuwa dogo, hilo neno, ukilinganisha na muda lililosubiriwa. Fundi aliinuka vizuri safari hii.

“Shika upande huo,” akasema.

*

Walilivusha godoro barabarani wawili, mbele mdogo nyuma mkubwa, pikipiki zikiwapigia honi. Mke wa fundi alifungua mlango wa mbele akausukuma na jiwe usijifunge. Walimwinua bibi kwa shuka, binti ameshika kichwa, na bibi akasema wamshushe polepole, yeye si gunia la mtu.

Ndipo fundi akaliona godoro lake likiwa tupu. Alikuwa amelichambua mara nyingi, lakini kila mara alilichukua limekwisha kukunjwa na mkewe na mama yake yuko kwenye mkeka. Hajawahi kuliona saa ile ile mtu anapoinuliwa. Pamba ilikuwa imejikusanya uvimbe, mmoja pale kiuno kinapolala na mwingine kwenye kisigino. Aliutazama ule uvimbe, akatazama upande wa pili wa chumba walikokuwa wanambadilishia mama yake bandeji. Alilibeba godoro peke yake hadi uani, akalichana kwa kisu cha kazi kutoka juu hadi chini.

Jumatano ile na Alhamisi walishona. Kulifumua koti ilikuwa kazi ndogo. Kulijaza ndiko kulikowashinda. Faiba haisikii mkono. Pamba ukiiweka inakaa. Hii inateleza, inakimbilia pindoni, na koti likawa na tumbo chini kama la mjamzito na mabegani hamna kitu. Fundi alilijaza, akalitikisa, akalimwaga, akalijaza tena. Vidole vyake vilikuwa vinaiuliza swali na haijibu. Mara ya tatu alilitupa juu ya meza akaenda kusimama nje chini ya maandishi yake.

Mkewe ndiye aliyeona. Alisema usilifanye godoro, lifanye mito: vijumba vidogo, kimoja kinafungwa ndipo kinajazwa cha pili. Kwa hiyo akawa anashona mstari, mume anajaza, anashona mstari, mume anajaza. Binti alikata nailoni. Kila walipotulia walisikia mabati yanagongwa na matone makubwa machache, halafu kimya. Upande wa mlima hapakuonekana mlima, palikuwa na wingu moja zito kama ukuta. Mama mtu alikata uzi kwa meno akaushikilia mdomoni.

“Niambie tu,” akasema bila kuinua uso. “Nashona koti au nashona sanda?”

Binti aliacha mkasi. Fundi alijaza kijumba kilichofuata, akakibonyeza, akakibonyeza tena, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakujua kama alichokishika ni kizuri.

“Shona,” akasema.

*

Ijumaa fundi alikwenda na binti uwanjani, akasimama mbali, karibu na bomba, akijifanya anakunywa maji. Saba alimwaga ndoo ya kwanza, akamwaga ya pili. Nailoni ya magodoro iliyatupa maji chini kwa kelele, na pale yalipopenya kwenye mishono koti halikuwa zito. Binti alikwenda nyuma ya banda. Saba alikunywa chai, akaongeza nyingine. Fundi alihesabu mabati ya banda kutoka kushoto, akapotea, akaanza upya. Kijana mwenye miwani alitaka kusema kitu kuhusu nailoni, ila Saba alimtazama akakimeza.

Kisha Saba akaenda, akaweka kiganja ndani ya kola, akakaa nacho. Akalikagua na begi la kulalia, akilivuta kijumba baada ya kijumba.

“Apande,” akasema.

Fundi alimfuata hadi mlangoni mwa ofisi. Alikuwa na maneno mengi njiani, na yalipofika mdomoni likabaki moja.

“Atarudi?”

“Koti litarudi,” Saba akasema. “Yeye, inategemea kama atanisikiliza.”

Alisema kama mzaha, lakini hakutabasamu, na fundi alirudi nyumbani na jibu hilo.

Waliondoka Jumamosi. Jumapili mvua ilianza, na huku chini ilikuwa mvua ya kawaida, ya kuwafurahisha watu wenye bustani. Fundi alikuwa akiinuka kila mara kutazama lile wingu. Mkewe alishona foronya ambazo hazikuagizwa na mtu. Mdogo mtu alivuka barabara kila jioni, mlango wa mbele, akaketi kwa mama yake, akaondoka. Na kaka yake hakukohoa tena. Jumanne muuza mkaa alileta habari kwamba kuna mwanafunzi ameteremshwa mlimani kwa machela. Mvulana au msichana hakujua. Mke wa fundi alikaa chini pale pale kwenye magunia.

Fundi alifika getini bila kujua amevaa viatu vya nani. Walinzi wakamwambia wamepewa habari tu, asubiri. Wazazi wengine walikuwepo, kila mmoja anamwangalia mwenzake na kuomba kimoyomoyo aliyeumia awe wa huyo mwenzake. Machela ilipofika, blanketi lilikuwa limefunika hadi shingoni. Alikuwa yule mwenye miwani, bila miwani, midomo imepauka, anatapika. Kifua kilimbana huko juu, koti lake halikuwa na kosa. Mama yake alitoka kwenye kundi akipiga kelele, na fundi aligundua kwamba alikuwa ameshukuru kwa sauti. Yule mama alimsikia. Alimtazama mara moja tu.

Binti alishuka Alhamisi na wenzake, wa mwisho kwenye mstari, anachechemea. Alikuwa ameungua jua puani na sauti imekauka. Hakumkumbatia baba yake, alimpa begi abebe. Walitembea hadi kwenye kona, ndipo fundi akaona mkono wa kushoto wa koti. Kuanzia kiwiko hadi kifundo ulikuwa umeyeyuka, umekunjamana na kuwa mgumu kama kovu.

“Nini hiki?”

“Jiko. Niliusogeza karibu na jiko.”

Aliugusa. Hakuweza kujizuia. “Pamba isingeyeyuka,” akasema.

“Pamba ingeniua, baba.”

Alisema polepole, akiwa anatazama mahali pa kukanyaga kwa sababu miguu ilimuuma, na fundi akahamishia begi bega la pili.

*

Kazi alipewa. Anaongoza wageni, na koti analivaa, mkono umekatwa ukawekwa mwingine wa rangi tofauti kwa sababu ile bluu haikupatikana.

Ilichogharimu safari ile ni hiki. Mito kumi na minne ya faiba. Nailoni ya magodoro mawili. Pamba ya maharusi, ambao walikwenda kununua kwingine. Kucha mbili za vidole vya mguu wa kulia wa binti, moja imeota. Salamu za mama wa yule kijana, ambaye alipona, lakini mama yake akipita karakana hageuzi uso. Godoro moja la pamba lililokuwa la bibi, ambaye kisigino kimefunga na kiuno bado kidogo. Rangi ya chokaa ya kufuta maneno matatu ukutani. Na wateja wanne, ambao msimu ule wa mvua walimuuliza fundi kipi bora, pamba au sponji, naye kwa mara ya kwanza akawauliza wanalala wapi, pakavu au panapovuja, na nani amelala hainuki. Wakamjibu, akainua mkono akawaonyesha ng'ambo ya barabara.